Karani na Mlowezi Wake

Kwa Karani, shikamoo haikufuata umri. Ilifuata nani alitangulia kufika. Pale mtaani kwetu Kikuyu, Dodoma, alikuwa ameshapanga kichwani mwake nani wa kuamkiwa na nani wa kuamkia, na mpango wenyewe ulitegemea babu wa nani aliikuta nchi hii pori na babu wa nani alikuta wenzake wameshajenga. Mzee wa watu amekula chumvi yake, meno yamekwisha, anapita na mkongojo wake, na Karani anamkazia macho tu akisubiri aamkiwe yeye. Ukimuuliza mbona hivyo, anakujibu bila haya, "Huyo? Hao walikuja na reli." Utadhani reli ilikuja juzi.

Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na jina hilo la kazi lilimganda hadi mkewe mwenyewe akawa anamwita Karani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiandika maneno ya watu wengine, akipiga muhuri na kuita majina mlangoni. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, kwa sababu pasipo karani hakuna mahakama. Ninachokidharau ni kwamba alistaafu akiamini hakimu alikuwa yeye. Watu wakigombana gengeni juu ya fungu la nyanya, alisogea, akakunja uso, akasikiliza pande zote mbili, kisha akatoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba. Hukumu ikishatolewa, watu waliendelea kugombana kama kawaida.

Alivaa kaunda suti ya kijivu masika na kiangazi. Upepo wa Dodoma ukivuma na kumwaga vumbi kwenye mboga za watu, yeye alisimama barazani amefunga vifungo vyote hadi kooni, kwapani ana majalada aliyoyaviringisha ndani ya mfuko wa nailoni ili yasiingie vumbi. Sikuwahi kumwona bila ule mfuko. Alikwenda nao msikitini, alikwenda nao kwa kinyozi, na kwenye harusi ya binti yangu aliuweka juu ya kiti cha pembeni yake na kuwakatalia watu wasikikalie.

Halafu kulikuwa na lile swali lake, "Una maandishi?" Ukimwambia maziwa ni ya leo, una maandishi? Ukimwambia yule ni mdogo wangu, tumbo moja, una maandishi? Jirani yetu mmoja alikwenda kumpa habari kwamba amefiwa na baba yake huko Mpwapwa. Karani, badala ya kumpa pole, akamuuliza habari hizo kazipata kwa barua au kwa mdomo. Yule jirani hakumsemesha tena hadi alipohama.

Sasa, haya yote yangekuwa vituko tu vya mzee wa mtaani kama si Mlowezi.

Mlowezi alikuwa baba wa babu yake Karani, Mnyamwezi aliyefika huku enzi za misafara ya wapagazi, akaachana na msafara na kukaa. Hadithi kama hizo ni nyingi Dodoma, na nusu ya familia za mjini zina mtu wa namna hiyo. Lakini Karani hakutaka babu wa kawaida. Alitaka mwanzilishi. Alimwita Mlowezi wa Kwanza, kwa sauti nzito, wakati neno hilo kwetu ukimwita mtu unaweza kupigwa. Alidai kwamba kabla ya Mlowezi, kile kilima cha Ihumwa na mashamba yake yote hakikuwa na mtu, ila fisi na miiba. Na alidai atalithibitisha hilo kwa kumbukumbu za ardhi na za mahakama, ukurasa kwa ukurasa.

"Mimi sidai," alipenda kusema. "Mimi nathibitisha."

Kwa miaka na miaka alizunguka masijala. Alijua ofisi gani inafungua stoo yake siku gani, na majalada ya zamani yamehamishiwa jengo lipi baada ya mchwa kuingia. Na hapo ndipo ilipokuwa inanichekesha na kunikera kwa pamoja. Yule yule aliyekataa kumwamkia mzee wa mtaani kwa sababu alikuja na reli, akifika dirishani kwa binti wa masijala aliyehamia Dodoma mwezi uliopita, sauti inalainika kama uji. "Mama yangu, hujambo? Nimekuletea karanga za kukaanga." Anatoa pakiti ya karanga mfukoni, anatabasamu, anasubiri hata asubuhi nzima. Akishapata jalada lake, huyo anaondoka bila hata asante.

Na hayo majalada aliyasoma vipi? Kila alipoona neno Mnyamwezi, huyo alikuwa babu yake. Kama jina halikulingana, basi mwandishi wa zamani alikosea. Kama lililingana kidogo tu, ilikuwa ushahidi mkamilifu. Kuna wakati alinionyesha kwa furaha karatasi mbili, moja ya Kondoa na nyingine ya Mpwapwa, zote, kwa maelezo yake, zikisema Mlowezi alitozwa faini, na zote za siku moja. Nikamwambia, "Karani, mtu mmoja hawezi kushitakiwa Kondoa na Mpwapwa siku hiyo hiyo, kwa miguu." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe hujui watu wa zamani walivyokuwa wakitembea."

Mimi ni muuza vipuri vya magari, na wakati huo nilikuwa na pikapu. Kwa sababu ya hiyo pikapu aliniona mtu wa maana, ingawa kwa mujibu wa mpango wake mimi nilikuwa mtu wa chini kabisa, Mgogo ambaye, ati, babu zake walikaribishwa. Nilipokuwa nakwenda Kondoa kupeleka mzigo alidandia, tukafika hadi kijiji cha Busi, kwa sababu mahali fulani alisoma kwamba msafara wa Mlowezi ulilala huko.

Watu wa Busi walitupokea vizuri mno. Walitutandikia mkeka, wakaleta ugali wa uwele na mlenda, wakamwita babu mmoja mkongwe aje azungumze na mgeni. Karani akafungua mfuko wake na kuanza kumhoji kama mshitakiwa. Je, unakumbuka kusikia habari za Mnyamwezi mrefu? Babu akasema hakumbuki. Je, si kweli kwamba alipita hapa? Babu akasema labda. Je, unakubali kwamba mawe yale pale ni ya kambi yake? Babu alikuwa amechoka, jua limemkalia, chakula kinapoa. Akasema, "Haya mwanangu, ni ya kwake." Karani akaandika kwa kalamu ya wino, akamshika babu wa watu dole gumba, akalipaka wino na kuligandamiza kwenye karatasi.

Njiani wakati wa kurudi nilimwambia Karani kwamba yule mzee alikubali ili ale. Yeye alikuwa anapuliza wino ukauke.

Niseme haki, maana nisiposema haki nitakuwa nimefanana naye. Karani aliwaandikia watu barua za rufaa, na aliandika vizuri. Mjane akidhulumiwa nyumba na mashemeji, alikwenda kwa Karani, na Karani alimwandikia bure, hata soda hakupokea. Nimeona watu waliorudishiwa nyumba zao kwa kalamu yake. Wakija kumshukuru na kuku, aliwafukuza. Nilikuwa najiuliza moyo ule aliutoa wapi, na kwa nini alikuwa anautoa barazani tu, mbele ya karatasi. Nyumbani kwake hakuwahi kumwuliza mkewe kama amekula.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya mkewe. Mkewe aliirithi kwa mama yake. Mtu aliyekuwa anaitaka nusu ya Ihumwa hakuwa na hata sehemu ya kufunga mbuzi. Jembe alikuwa halijui. Siku moja tulipita kando ya shamba, akasifia mtama wa watu jinsi ulivyostawi, na kumbe ule ulikuwa uwele.

Utani aliuchukia kama ugonjwa. Mama mkwe wake alipofariki, watani walikuja kama ada ilivyo. Wakajipaka majivu, mmoja akaingia kaburini akalala, akasema hatoki hadi apewe redio ya marehemu, mwingine akavaa khanga ya marehemu na kuwafokea wafiwa kwa sauti yake, hadi watoto wa marehemu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na machozi yanatiririka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kukuondolea uzito kifuani. Na mtani akitaka kitu siku hiyo unampa, akisema uongo humbishii. Karani alikwenda kuita mgambo. Mgambo alifika, akaona ni watani, akaomba radhi na kupewa chai. Karani alibaki amesimama peke yake kwenye kona ya ua, vifungo hadi kooni.

Haya yote nilikuwa nayasimulia na kuyacheka hadi alipomgusa shangazi yangu.

Shangazi anaishi Ihumwa, juu ya kile kilima, kwenye shamba alilozaliwa. Aliolewa mbali, mume akafa, akarudi, na tangu hapo hajaondoka. Hana upole wa bibi kizee. Anabwia ugoro, anatukana mbuzi na watu kwa usawa, na ukimtembelea bila sukari anakwambia urudi ulikotoka. Lakini shamba lile ndilo alilo nalo duniani. Wazazi wake wamelala pale, na mtoto wake aliyemzika mdogo amelala pale.

Mji ulipoanza kupanuka kuelekea huko, wapimaji wakaja na mawe ya mipaka, na kila mwenye shamba akaambiwa aende ofisi ya mtaa akaandikishe jina. Shangazi alikwenda na nguo zake za kanisani. Akaambiwa jina lake halitaandikwa, kuna pingamizi. Na kwamba hadi pingamizi lisikilizwe, haruhusiwi kugusa ardhi ile, si kulima, si kujenga, si kuuza.

Aliyeweka pingamizi alikuwa Karani.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Sikukaa. Nilimwambia, "Karani, yule ni shangazi yangu."

"Najua, kijana," alisema. "Sina ugomvi naye. Yeye ni mkaribishwa, na ukaribisho una ukomo."

"Unataka aende wapi?"

"Hilo ni swali la baraza la ardhi, si la kwangu. Mimi nathibitisha tu."

Nilimchukia. Sitafuti neno lingine. Mvua ilianza mapema msimu ule, mvua nzuri ambayo Dodoma huipati kila mwaka, na shangazi yangu alikaa mlangoni akiitazama inaingia kwenye udongo ambao hakuruhusiwa kuuchimba. Majirani walipanda, wakapalilia, wakavuna. Shamba lake likaota magugu. Alikonda. Hata matusi yalimwisha. Siku moja akaniambia, "Mwambie achukue nusu. Yeye ana karatasi, mimi nina maneno ya wazee tu. Mwambie achukue nusu aniachie upande wenye makaburi." Nilimkatalia, lakini hata mimi sikujua ndani ya ule mfuko wa nailoni mna nini.

Siku ya shauri Karani alinyoa ndevu. Baraza lilijaa, kwa sababu watu wote wa kilima walijua kwamba shangazi akianguka wao ndio watakaofuata. Shangazi alijifunika khanga hadi machoni na kunishika mkono.

Karani alisimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa anaita majina mlangoni, bali yeye ndiye aliyeitwa. Akatoa nakala ya shauri la zamani, la enzi za mkoloni, lililosikilizwa na liwali mmoja wa kutoka pwani. Akaeleza kwamba babu wa shangazi yangu alipofariki, Mlowezi alichukua mbuzi wa marehemu, tarishi wa serikali akamkamata kwa wizi na kumpeleka mbele ya liwali. Kisha akasoma kwa sauti ya mahakama:

"Mshitakiwa asema: Mbuzi ni wangu. Kilima hiki chote ni changu. Mimi nalifika wa kwanza. Marehemu nalimkuta njiani ana njaa, nikamkaribisha, nikampa kazi ya kuchunga."

Akashusha karatasi. "Wafiwa walikuwepo," alisema. "Hakuna aliyepinga. Na liwali alimwachia mshitakiwa, mbuzi akabaki wake. Mheshimiwa Mwenyekiti, mahakama ilishaamua zamani nani alitangulia."

Niliwaona watu wa kilima wakitazamana. Shangazi alianza kusema kwa sauti ndogo, "Nusu, mwambie nusu."

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mtaratibu, wa kutoka mikoa ya mbali. Akaomba ile nakala, akaitazama kwa karibu, akaigeuza kwenye mwanga. "Mzee," alimwuliza Karani, "mbona hapa chini pameziba?"

Palikuwa pameziba kweli. Baada ya yale maneno aliyoyasoma kulikuwa na utepe mweupe, kama mtu aliweka kipande cha karatasi juu ya mistari alipokuwa anatoa nakala. Karani akasema wino ulififia. Mwenyekiti akasema baraza liliagiza nakala yake lenyewe kutoka masijala, kamili, na akamkabidhi karani wa baraza, kijana mwenye sauti kubwa, aisome kuanzia pale mwenzake alipoishia.

Kijana akasoma. "Na wajane wake wawili ni wangu, waje wanikogeshe. Na huyu tarishi aliyenileta ni mtumwa wangu, alitoroka. Na Bwana Liwali akae vizuri, hicho kiti alichokalia ni changu nacho."

Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma. Halafu benchi zima. Kijana akaendelea kusoma huku anajizuia. "Wafiwa waulizwa. Wasema: Bwana, huyu ni mtani wetu. Tungemnyima mbuzi, baba tungemzika na nani? Liwali aamuru: Shauri limefutwa."

Baraza likaangua kicheko cha watu wazima wanaofahamu jambo. Kila mtu pale ana watani. Kila mtu ameshaona mtu aliyejipaka majivu akidai nyumba, ng'ombe na mjane, na wafiwa wakimjibu ndiyo baba, chukua. Mwenyekiti mwenyewe alivua miwani na kufuta macho. Huyo Mlowezi, mwanzilishi wa nchi, alikuwa anafanya utani msibani kwa rafiki yake, akakamatwa na tarishi asiyejua mila za kilima, akaendeleza utani wake hadi mbele ya liwali bila hata kutikisika. Nilimpenda mtu yule pale pale. Nikamtazama kitukuu wake aliyesimama na kaunda suti yake, nikajiuliza damu ile ilipotelea wapi.

Mtu aliyefanya kazi mahakamani maisha yake yote, anayejua kabisa utani ni nini, anachukua maneno ya msibani na kuyageuza hati ya shamba. Na ile mistari aliiziba kwa mkono wake. Pingamizi likatupwa. Jina la shangazi likaandikwa siku hiyo, na watu wakamsindikiza hadi kituoni wakiimba. Karani alikusanya karatasi zake moja moja. Hakuna aliyemzomea, na nadhani hilo lilimuuma zaidi, kwamba walikuwa wanacheka bila hasira.

Baada ya hapo sikumwona kwa muda mrefu. Nilisikia mkewe amefariki na shemeji zake wanaizungumzia ile nyumba. Sikwenda kumhani. Niliona sina la kumwambia ambalo si tusi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ihumwa, kiangazi, nikiwa juu ya paa la shangazi nabadilisha bati. Bajaji ilisimama chini ya kilima, akashuka, akapanda taratibu akisimama kila baada ya hatua chache. Suti ilikuwa imemzidi ukubwa. Hakuwa na mfuko.

"Hodi," alisema.

"Mbukwa," alijibu shangazi kwa salamu ya Kigogo, bila kuinuka. Anamzidi Karani umri kwa mbali, akasubiri aamkiwe. Karani akasema, "Habari za hapa, mama." Nikasema moyoni, Karani yule yule.

Nilishuka nikakaa karibu, ili kama ana pingamizi jingine nimteremshe mwenyewe. Shangazi akampa maji. Akanywa. Kisha akasema, akiwa anatazama chini, "Ile mistari. Watu wanasema nilificha. Sikuficha. Nilimsitiri babu yangu."

"Ulimsitiri na nini?"

"Wasimcheke."

Shangazi alitema ugoro pembeni. "Yeye mwenyewe alitaka achekwe," alisema. "Ndiyo kazi aliyoifanya siku ile. Babu yangu alikuwa amekufa, watu wanalia, yeye akawachekesha. Wewe ulitaka awe nani?"

Shangazi akainuka kwa kujisukuma na magoti, akamwambia amfuate. Tukaenda hadi nyuma, palipokuwa na zizi la zamani na makaburi ya wazee. Pembeni kidogo ya kaburi la babu yake shangazi kuna rundo la mawe limezama nusu ardhini. Sote tuliokulia pale tulilijua, ingawa sisi watoto hatukuambiwa ni la nani. Tulichapwa tukilikalia. Tangu niwe na akili, jembe limekuwa likilizunguka.

"Huyu hapa," shangazi alisema. "Alikufa mzee sana. Walimzika pamoja na wetu, kwa sababu alikuwa wetu."

Hakuna aliyewahi kumficha Karani jambo hilo. Alimtafuta babu yake Kondoa, alimtafuta Mpwapwa, alimtafuta katika masijala zote, na alipolifikia shamba lenyewe alilifikia kwa pingamizi. Hakuuliza. Kwa shangazi yangu hakuwahi kukanyaga hata mara moja kuuliza.

Alisimama pale, upepo unampiga, mikono imening'inia. Akasema, "Mimi ni mgonjwa, mama. Nilikuwa nafikiria. Kama kuna uwezekano."

"Uwezekano wa nini?"

Akatazama lile rundo la mawe, akatazama nafasi iliyokuwa kando yake. Shangazi alishaelewa, na mimi nilishaelewa.

"Sema naomba," shangazi akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia. "Wewe sema naomba, mimi nitasema chukua, na imekwisha. Babu yako alilisema. Msafara ulimtupa hapa chini akiwa na homa, akaja akitambaa, akasema naomba maji. Hakufa kwa kulisema. Alikaa nasi hadi akazeeka."

Nilimwona akihangaika. Akisema naomba, basi Mlowezi alikuwa mgeni, na yeye ni kitukuu wa mgeni, na wazee wote aliowanyima shikamoo maisha yake yote walistahili kuamkiwa. Hayo yote yalikuwa ndani ya neno moja ambalo watoto wetu wanalisema wakitaka andazi.

"Nitaandaa maombi rasmi," alisema hatimaye. "Nitayaleta."

"Usiandike. Mimi nipo hapa, nimesimama mbele yako."

"Ni vizuri mambo yakae sawa kimaandishi, mama."

"Haya," shangazi alisema. "Lakini pale ni pako. Nimeshasema."

Aliteremka kilima kama alivyopanda, akisimama na kwenda. Hayo maombi hayakuja. Tulisikia habari zake alipokuwa ameshazikwa, huko mjini, mahali ambapo shemeji zake walipata nafasi. Nilisema mbele za watu kwamba huo ndio mwisho wa kiburi, na sijalifuta neno hilo hadi leo.

Msimu uliofuata nilipeleka trekta Ihumwa. Tulikuwa tumekosa mavuno ya mwaka mzima kwa ajili ya mtu yule, nikamwambia dereva alime kila mahali hadi ukingoni mwa mawe. Shangazi akatoka ndani mbio na kusimama mbele ya trekta, akiwa ameinua mikono.

"Pembeni ya mgeni usilime," alisema. "Acha nafasi ya mtu."

"Shangazi, ya nani? Karani ameshazikwa mjini. Na hata kuomba hakuomba."

"Nilishampa," alisema. "Nikilima sasa, si nitakuwa nimemnyang'anya?"

Dereva alinitazama mimi, mimi nikamtazama shangazi, naye hakuondoka pale hadi trekta lilipozunguka.